Lavenda Inayokuja Mwisho

Wifi yangu alikuwa na kiti, mimi nilikuwa na pua. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia, na wale wanaosema mawifi huzaliwa hawapatani wanisamehe, mimi sababu ninayo.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao, mto wake umechanika, kimewekwa karibu na dirisha katika chumba cha juu cha nyumba ya manukato tuliyofanyia kazi. Anayekikalia ndiye mnusaji. Asiposema yeye "sawa", hakuna kinachotiwa kwenye chupa. Wifi, mke wa kaka yangu, alikikalia miaka sita. Nani aliyemleta kazini? Mimi. Nani aliyemfundisha kunusa kiwiko chake mwenyewe ili kuipumzisha pua? Mimi. Lakini yeye ana maneno. Mimi nikinusa nasema, "Lavenda imezidi," basi. Yeye hufumba macho, akaanza habari za shamba lililonyeshewa alfajiri, na Bosi anayeyuka kama samli juani. Kwa hiyo yeye akapewa kiti, mimi nikabaki na kuosha vyombo na kuchovya vipande vya karatasi vya kunusia.

Halafu akapata mafua. Mafua yakaisha, harufu haikurudi.

Alinifuata stoo. "Wifi, sinusi tena chochote. Nimenusa kitunguu, nimenusa soksi za kaka yako, hakuna kitu."

Soksi za kaka nazijua. Ningecheka kama asingekuwa analia.

"Nisaidie," akasema. "Usimwambie mtu, hata kaka yako. Bila kile kiti mimi ni nani?"

Nilimsaidia kwa ajili ya kaka. Ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufariki, sina ndugu mwingine, naye anampenda huyo mkewe kupita kiasi. Tukapanga alama. Nikimpa karatasi nimeishika kwa juu, mchanganyiko ni sawa. Nikiishika katikati, lavenda imezidi. Nikiishika kwa chini, harufu ya ngozi imezidi. Yeye anaifikisha puani, anafumba macho, anatoa hotuba. Miezi minne pua yangu ilifanya kazi na sifa zikaenda kwake.

Wakati huo tulikuwa tunaandaa manukato ya majira ya baridi, ya ngozi na maua ya lavenda. Si kazi ya kitoto hiyo. Harufu ya ngozi hutokana na mafuta meusi ya magome yaliyochomwa. Kwenye joto inakuwa kali kama banda la farasi, lakini kwenye baridi inatulia, inakaa kwenye koti kwa adabu. Lavenda ni mgeni mwenye haraka. Inaingia ya kwanza, inasalimia kila mtu, na kabla hujakaa vizuri imeshaaga. Ngozi ndiye mwenye nyumba, anabaki. Ndivyo ilivyo, na hakuna fundi aliyewahi kuibadilisha.

Siku moja kabla mnunuzi hajaja, karani mpya alimuuliza wifi mimi ni nani. Tulikuwa watu saba kwenye ngazi.

"Huyu?" akasema wifi. "Huyu ni wifi yangu. Fundi wa kuosha chupa!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, kicheko cha meno tu. Nilirudi kwenye beseni langu na moyo unaniwaka, nikaosha chupa kumi na nane bila kuziona. Miezi minne anakula kwa pua yangu, halafu nakuwa fundi wa chupa. Nikaamua.

Asubuhi mnunuzi alifika, mama mmoja mnene mwenye maduka, mwenye macho ya kupima watu. Bosi akamkalisha. Wafanyakazi wakaruhusiwa kusimama mlangoni wasikilize. Nikachukua karatasi, sikuichovya popote. Nikaishika kwa juu, nikampa wifi.

Akaifikisha puani. Akakawia kidogo. Akanitazama, nami nikamtazama kwa upole wote nilio nao. Kisha akafumba macho.

"Kwanza ni ngozi," akasema. "Ngozi ya mkoba wa zamani, uliopakwa mafuta kwa miaka na mkono uleule. Inakaa nawe mchana kutwa, haisemi kitu. Halafu jioni, ukirudi nyumbani na kulivua koti, ndipo lavenda inapokuja. Mwisho kabisa. Kama mtu aliyesimama mlangoni siku nzima anaona haya kubisha."

Nami moyoni nachekelea, maana amekosea hata mpangilio. Lavenda ije mwisho, wapi na wapi!

"Bosi," nikasema, "samahani. Hiyo karatasi ni tupu."

Bosi aliinusa. Akampa mnunuzi, naye akainusa upande huu na upande ule. Bosi akawa mwekundu wa macho.

"Fumba macho," akamwambia wifi.

"Sinusi kitu, Bosi. Nilipata mafua..."

"Nimesema fumba!"

Akaleta kopo la mafuta ya taa, akalishika chini ya pua ya wifi. "Hiki nini?"

Machozi yakapenya kwenye kope zilizofumbwa. "Maji," akasema.

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Na huyo karani mpya ndiye aliyecheka zaidi. Bosi alimfanya arudie kwa sabuni, halafu kwa kiatu chake mwenyewe alichokivua mguuni, na kila wifi alipokosea, waliokuwa mlangoni walilipuka kwa kicheko. Sitadanganya, lile la kiatu lilinifurahisha. Kisha akamwambia ashuke ngazi na asirudi.

Kiti nikapewa siku hiyohiyo. Sikukaa hata dakika tano kabla mnunuzi hajanigeukia.

"Karatasi ilikuwa tupu au imejaa, hilo halinihusu," akasema. "Mimi nataka kile alichokisema. Ngozi mchana, lavenda jioni. Maneno yale yachapwe kwenye maboksi kama yalivyo."

"Tutatengeneza," akasema Bosi, na akanipiga bega.

Nimejaribu mara arobaini na moja. Nikipunguza lavenda, inapotea kabla ya saa sita mchana. Nikiongeza, inavuma tangu mwanzo, na Bosi anauliza kama natengeneza sabuni ya kufulia. Nimeifungia ndani ya nta, nimeilaza wiki tatu kwenye giza, nimejipaka hadi mikono imetoka vipele. Kila jioni navua koti langu, naingiza uso ndani yake kama kichaa. Ngozi tupu. Maboksi yakaja yamechapwa, yakapangwa ukutani, na kila ninapoinua macho nayasoma maneno yake.

"Yule asiye na pua aliiona," Bosi akaniambia mbele ya wote. "Wewe mwenye pua unashindwa nini?"

Jumapili nikaenda kwa kaka. Yeye alikuwa ametoka kununua mkate. Wifi alikuwa jikoni, saa ya mezani iko kando ya jiko, kwa sababu siku hizi anapika kwa kuhesabu dakika asije akaunguza. Amekonda. Hakuniambia karibu, lakini alisogeza kiti kwa mguu.

"Wifi," nikasema, "nimekuja kukuangukia. Yale manukato uliyoyasema uliyanusa wapi? Yametengenezwaje?"

Akafunika sufuria kwanza. "Unajua karatasi iliyochovywa ikoje? Ni ya baridi. Spiriti inapokauka inapoza, ukiisogeza hapa juu ya mdomo unaihisi. Pua yangu imekufa, mdomo haujafa. Ile yako ilikuwa kavu."

"Ulijua?"

"Kabla sijasema neno. Nikakutazama, nikaona umetulia kama mtu aliyeshiba. Ningesema ni tupu, ungefukuzwa wewe, na kesho yake nani angeninusia? Nimekwisha huku, nimekwisha kule. Nikasema basi, ngoja nimwachie wifi yangu kazi ya kufanya."

"Kwa hiyo hayo manukato..."

"Hayapo. Lavenda haiji mwisho, wewe mwenyewe ulinifundisha. Nilitafuta jambo lisilowezekana, nikalisema vizuri. Maneno ninayo, wifi. Hata mafua hayakuyachukua."

Nikasema nitakiacha kiti, nitakwenda kutafuta kazi kwingine, mbali. Akatabasamu, mara ya kwanza siku hiyo.

"Kaka yako anadhani niligunduliwa kwa bahati mbaya. Analala ananipa pole. Siku utakayokiacha kile kiti, au utakapofukuzwa, ndipo nitakapomwambia nani aliyenipa ile karatasi. Na kile kiatu pia nitamwambia, kwamba ulikuwepo na ulicheka. Nilikuwa nimefumba macho, lakini cheko lako nalijua."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nililizwa, kwamba aliniita fundi wa chupa mbele ya watu saba. Maneno hayakuja. Kwangu huwa hayaji.

Mlango ukafunguka, kaka akaingia na mkate kwapani. Alipotuona tumekaa pamoja uso wake ulikunjuka wote.

"Dada! Umekuja kumwona mwenzio. Haya, kazi inakwendaje?"

"Inakwenda," wifi akamjibu kwa niaba yangu. "Ameniahidi hatoki kwenye kile kiti mpaka ayapate yale manukato yangu. Si ndiyo, wifi?"

Nikasema ndiyo. Kaka akanishukuru, akasema hakuwa na wasiwasi, alijua damu yake haiwezi kumtupa mkewe. Kisha akakata mkate, akanipa kipande kikubwa kuliko vyao.