Mwendo wa Mzee Wima

Nimechekesha watu kwa miaka ishirini na sita, na leo ukiniuliza ninataka nini nitakwambia nataka kiti. Goti langu la kushoto limekwisha. Daktari alisema ni kwa sababu ya kutembea upande muda mrefu. Nikamwambia upande huo ndio ulionijengea nyumba, akacheka badala ya kuandika dawa. Ndivyo maisha yangu yalivyo. Hata nikilia jino, watu wanapiga makofi.

Mwendo wenyewe si wangu, ni wa baba. Alikuwa fundi bomba. Alibeba begi la vifaa kwenye bega la kulia kwa miaka thelathini, spana na msumeno na vipande vya bomba, mpaka mwili ukazoea. Hata akiwa mikono mitupu alitembea ameinamia kushoto, mguu mmoja ukivuta kidogo. Na kila baada ya hatua chache alisimama ghafla, akazungusha shingo, akasema "Mh," kisha akaendelea na safari.

Nilimwiga bila kupanga. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, jukwaani kwa mara ya pili maishani, vichekesho vyangu vyote vimegonga mwamba. Nikaamua kuondoka. Kwa woga miguu ikachukua mwendo wa baba, na ukumbi ukavunjika mbavu. Ndani ya mwaka nikawa kwenye runinga kila Alhamisi: Mzee Wima, fundi bomba anayekuja kuziba tone moja na kuiacha nyumba nzima ikielea. Mwongozaji aliniambia ile ya kusimama niangalie dari, kama maji yanadondoka. Hapo ndipo watu walipokuwa wanakufa kwa kicheko.

Baba hakuulizwa. Mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza, sikumuuliza. Nilijipa moyo kwamba atafurahi. Kumbe watoto walianza kumfuata barabarani wakimwita Wima, na mteja mmoja alipomfungulia mlango aliita familia nzima ije imwone akiingia. Siku hiyo alirudi nyumbani, akaliweka begi nyuma ya mlango na hakulibeba tena. Hakunigombeza. Nikimsalimia aliitikia, nikimuuliza alijibu, lakini neno la kunianza yeye mwenyewe sikulisikia tena.

Nami niliendelea. Niliwahi kuomba nafasi ya kuigiza hakimu katika filamu ya majonzi. Nilisoma mistari mitatu, mpiga kamera akaanza kutikisika mabega. Wakaniomba niwape ule mwendo kidogo, kwa kumbukumbu tu. Nikawapa. Huwa nawapa.

Miezi mitatu iliyopita baba alipata kiharusi. Ulimi ulipona, mguu haukupona. Dada yangu, anayeishi naye, alikuwa akimpeleka kliniki mara mbili kwa wiki, hadi asubuhi moja akanipigia simu nikiwa kwenye upigaji picha wa tangazo la matangi ya maji, nimebandikwa sharubu nyeupe za Mzee Wima.

"Kaka, njoo kliniki. Amegoma kusimama."

"Mimi ndiye mtu wa mwisho atakayemsikiliza."

"Najua. Wengine wote wameshaisha."

Nikaenda na sharubu zangu.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na mikeka ya mpira, kioo cha ukuta mzima na wagonjwa watano au sita wakinyoosha hiki na kile. Baba alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, ameipa mgongo fremu ya chuma ya kujishikia. Mtaalamu wa mazoezi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu, alinivuta pembeni. Alisema misuli ya mzee inanyauka. Asipoanza kutembea ndani ya wiki mbili, hatatembea tena.

"Kila nikimfundisha hatua ananiambia huu si mwendo wake," alisema. "Sasa mwendo wake ni upi? Hamna hata video?"

"Tuna picha," dada yangu akasema. "Zote amekaa. Mwendo wenyewe anao huyu kaka."

Mtaalamu akanitazama usoni, akatazama sharubu, halafu nikaona amenitambua. Nimezijua dalili hizo miaka mingi.

"Lakini si upo wewe," akasema, kwa sauti iliyosikika chumba kizima.

Nilitamani ardhi ipasuke. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuutembea mwendo ule mbele ya baba. Nilikuwa naomba jambo moja tu, anisamehe kabla mmoja wetu hajaondoka, na sasa naambiwa nimdhihaki ana kwa ana, asubuhi kweupe. Nikafungua kinywa kukataa.

"Atembee," baba akasema, akiangalia sakafu.

Nikashusha bega la kushoto, nikatembea. Hatua ya pili tu, mzee mmoja mwenye mkono uliofungwa bandeji akaanza kucheka, wengine wakamfuata. Maisha yangu yote nimekitafuta kicheko, na siku ile nilikichukia. Nikafika pale pa kusimama. Nikasimama, nikaangalia dari, nikasema "Mh." Chumba kikalipuka.

"Umekosea," baba akasema.

Kicheko kikakatika.

"Bega umelipata," akaendelea. "Mguu umeutia chumvi, lakini umeupata. Hapo pa kusimama ndipo unapokosea. Miaka yote hiyo unakosea hapo hapo."

"Pa kuangalia dari?"

"Barabarani kuna dari? Nilikuwa nageuka nyuma."

"Kuangalia nini, baba?"

Mkono wake ulikuwa unausugua mguu uliopooza.

"Ulikuwa na miaka mitano, sita. Mama yako yuko kazini, sina wa kukuachia, nikawa nakwenda na wewe kwa wateja. Una miguu mifupi, na ukiachwa unakaa chini unalia. Basi nikawa nasimama ufike. Ulipoanza shule shingo ilishazoea, nikawa nageuka hata kama hupo."

Nilibandua sharubu nikaziweka mfukoni.

"Kila Alhamisi nilikuwa naangalia," akasema. "Dada yako akishalala nilikuwa nawasha, sauti chini. Nasema leo atakumbuka. Leo atageuka nyuma. Ukawa unaangalia dari."

Kumbe hakuumia kwa kuigwa. Aliumia kwa kusahauliwa, na mimi nilikuwa nimeusambaza usahaulifu wangu nchi nzima na kulipwa juu yake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona jukwaani, hata siku za kuzomewa.

"Nirudie?" nikauliza.

"Rudia."

Nikarudia. Hatua moja, ya pili, ya tatu, nikasimama, nikageuka nyuma na kushusha macho mpaka usawa wa kiuno, pale kichwa cha mtoto kingekuwa. Hakuna aliyecheka. Yule mzee wa bandeji alikuwa anajifuta pua.

"Sasa leteni hilo dude lenu," baba akasema.

Wakamsimamisha, dada kulia na mtaalamu kushoto. Mimi nikapewa kiti cha magurudumu nikisukume nyuma yake, asije akaanguka. Bega likalala lenyewe. Mguu ukavuta, ukafika, ukavuta tena. Walikuwa wanakwenda vizuri kuliko mimi, maana goti langu lilikuwa limekaza, na kufikia katikati ya chumba nilikuwa nimebaki hatua kadhaa nyuma.

Baba akasimama.

"Umechoka, mzee wangu?" mtaalamu akamuuliza.

Alizungusha shingo taratibu, mpaka pale ilipokubali kufika, akaniona.

"Mh," akasema, akanisubiri.