Sauti Isiyo na Mdomo

...na je, kumeza mate kunaruhusiwa, Ogutu hakusema lolote kuhusu mate, alisema kichwa tu, kichwa kisicheze hata kidogo, ukicheza picha inaharibika na leo hatuna nafasi ya kurudia, mpole kweli huyo mtu wa mashine, alimfunga kichwa ndani ya kizimba cha plastiki huku akimwomba radhi, akampa kipira cha kushika mkononi, finya hii ukilemewa nitakutoa, kisha akaenda kukaa nyuma ya kioo, na sasa mashine inagonga, inagonga kama fundi wa mabati anayelipwa kwa kelele, na Rael amelala chali ndani ya bomba, pua karibu iguse dari, mate yamejaa mdomoni, anameza... amemeza, anasema yule mwanamume wa kichwani mwake, na yule mwanamke mwenzake anacheka, umeona alivyomeza, anadhani humu hatumwoni, na Rael anafumba macho ingawa anajua fika kwamba kufumba macho hakuzibi masikio, hata pamba aliyotiwa haizuii kitu, inapunguza mashine nusu lakini wale wawili haiwagusi, kwa maana hawaingilii sikioni, ndivyo alivyomweleza Daktari Nthenya kule kliniki ya Adams Arcade, akajigusa juu kidogo ya sikio la kushoto, hapa, Rael, hapa ndipo ubongo unapopokea maneno ya watu, kwa wenye shida kama yako huwa pamepungua kidogo, na wakati mwingine panaamka penyewe hata kama hakuna aliyesema, kwa hiyo ukiniambia unasikia, unasikia, hudanganyi, na Rael alilia kwa neno hilo moja, hudanganyi, akalia mpaka akakosa kushika vizuri lililofuata, kwamba upungufu huo huonekana watu wengi wakipimwa pamoja, kwamba picha ya mtu mmoja inaweza kutoka safi kama ya mtu mwingine yeyote... safi, Mungu wangu isitoke safi, nani duniani huomba ubongo wake uonekane mbovu, ni yeye, anaomba hapa hapa alipolala, uonekane umeliwa, uwe na shimo ikiwezekana, shimo ambalo hata mtu asiyesoma ataliona, kwa sababu ikitoka safi mama mkwe atasema si niliwaambia, hii si ugonjwa, hii ni kitu ya kwao, alikuja nayo kutoka Bungoma, na mwanawe Quincy atabaki Waithaka kwa nyanya yake, Muigai alishasema, mume wake mwenyewe, akifunga kamba za viatu ili asimtazame, wewe lete hiyo picha nimwonyeshe mathe, akiona na macho yake atarudisha mtoto, bila hiyo mimi sina la kumwambia.

Na vichwa ndiyo kazi yake, hilo ndilo linalomuuma, miaka yote saluni Kangemi ameshika vichwa vya watu, anajua nani ana kovu na nani amebonyea kisogoni, anasuka mpaka vidole vinakufa ganzi, na hata siku moja hakujiuliza chini ya ngozi ile kuna nini, akili ni nywele kila mtu ana zake, wateja husema hivyo wakicheka naye akacheka nao, jana alifumua zake zote kwa kuogopa kibanio kimoja kisije kikaingia na mashine ikakataa... anawaza nywele, anasema yule mwanamume, kwa sauti yake tulivu ya msomaji wa taarifa ya habari, mtoto ameungua na yeye anawaza nywele, ndivyo alivyo, anasema mwanamke, ndivyo alivyo huyu, na Rael anataka kusema nyamazeni lakini hasemi, hajawahi kuwajibu, huo ndio ushindi pekee alio nao, bibi yake ndiye aliyemfundisha, kukhu, wakipita njia ya kando ya miwa giza likiingia, ukiitwa na hujaona mdomo wa anayekuita usiitike, ukiitika umemfungulia mlango, na Rael alishika neno hilo kuliko amri kumi za kanisani, sauti zilipoanza hakuitika, zikamtukana hakuitika, zikamwita kwa jina lake la utotoni hakuitika, na asubuhi ile, amegeukia ukuta anasugua karai, akasikia Mami... Mami, naweza kujitilia maziwa... Mami, unanisikia... na mdomo hakuuona, basi hakugeuka, aliendelea kusugua, tena alijisifu, leo wamekuja na sauti ya mtoto na bado nimewashinda, halafu sufuria ya maziwa ya moto ikaanguka, halafu ukelele, halafu ule mkono mdogo umebabuka mpaka kwenye kiwiko, na mama mkwe alipofika hakuuliza kitu, alimfunga mtoto leso akamchukua.

Kimya. Mashine imenyamaza ghafla, kimya chenyewe kinavuma. Rael, uko sawa? Sauti imetoka juu ya paji la uso wake, haina mtu, haina mdomo. Rael, unanisikia? Amemaliza, anasema mwanamume, ashuke sasa, na mwanamke anadakia, toka, wewe, watu wanangoja, toka, na Rael amekaza taya, ni yupi kati yao aliye Ogutu, atajuaje, akishuka na haikuwa yeye picha imeharibika, akinyamaza na ni yeye atamtoa akidhani amezimia, kukhu hakufundisha lolote kuhusu mashine... Rael, usipojibu itabidi nikutoe, sema tu kitu nijue uko poa, hiyo kelele si imekusumbua? Si imekusumbua... anauliza. Huyu anauliza. Rael anafumbua macho, dari ni ile ile, lakini anauliza, wale wawili tangu waje hawajawahi kumuuliza kitu, wanamwambia, wanamsema, wanamwamuru, wanajua amemeza na wanajua anawaza nini, sasa waulize nini, na anayeuliza ni asiyejua, na asiyejua ni binadamu, ni rahisi hivyo, ilikuwa rahisi hivyo siku zote, na Quincy aliuliza, mtoto wa watu aliuliza mara mbili, naweza, unanisikia, maswali mawili kamili, ungelijua, Rael, ungelijua bila hata kugeuka. Niko, anasema, sauti inamtoka ikikwaruza. Niko sawa. Aah, vizuri, asante, ulikuwa umenishtua, anasema Ogutu, sasa imebaki moja na ndiyo ile ndefu, ndiyo ile daktari anataka, usiongee kabisa, usicheze.

Na mashine inaanza tena kugonga, kwa hiyo alikuwa Ogutu kweli, alikuwa mtu, amemjibu mtu na hakuna mlango uliofunguka, na machozi yanamshuka yanalowesha pamba masikioni na hawezi kuyapangusa, na yale ni machozi ya furaha, kweli ni ya furaha, atamwambia Daktari Nthenya, nimepata njia, nasikiliza kama inauliza, atamwambia Muigai, ambaye siku hizi naye hamuulizi kitu, humuuliza jirani, amekula huyo, amelala huyo, atamwambia hata mama mkwe, mnirudishie, akiniita nitajua, naapa nitajua... Mami. Hapana. Mami, naweza kushuka? Quincy yuko Waithaka, anajua yuko Waithaka, hawezi kuwa humu, lakini anauliza, sauti ni yake, na ile herufi inayomshinda kutamka, naweza kushuka kitandani, Mami, unanisikia? Anauliza, na wale hawaulizi, au wamemsikia akiwaza, mbona asifikirie hilo, wanasikia kila anachowaza, amewafundisha yeye mwenyewe sasa hivi... au je, kama ni yeye, kama Muigai ameenda kumleta na wako hapo nje ya mlango? Akijibu kidevu kitacheza, na kidevu kikicheza hakuna picha, hakuna mtoto. Ngoja baba, usiguse kitu, nakuja, maneno yamefika kwenye meno, anayauma, yamebaki hapo, mashine inagonga, mwanamume yule amenyamaza, hata mwanamke amenyamaza kana kwamba nao wanangoja kuona atafanyaje. Mami? Anamsikia, safari hii anajua kabisa kwamba anamsikia, na amelala vile vile, na hajibu.