Jiwe la Kufundishia

Katika nyumba ya mwalimu wa udereva hakuna kitu kilichovunjika bure. Sahani ikipasuka, maziwa yakimwagika, soksi moja ikipotea, familia nzima iliitwa sebuleni kwa heshima zote za msiba, na marehemu akaagwa kwa somo. Baba alikuwa na imani moja kubwa maishani: mtoto anayepigwa hukumbuka fimbo, anayefundishwa hukumbuka kosa. Watoto wake walikuwa wamefundishwa mpaka wakaanza kuwaonea wivu watoto wa jirani wanaochapwa, kwa maana fimbo ina mwisho.

Jumamosi hiyo marehemu alikuwa chupa ya chai. Ngurumo, mtoto wa kati, ambaye miguu yake haikuwahi kujifunza kutembea kwa sababu ilianza moja kwa moja na kukimbia, alitoka chumbani kama aliyefukuzwa na nyuki, akamvaa mlangoni dada yake aliyebeba chupa hiyo. Chupa ikaanguka na kulia kwa ndani, chwaa, kama mtu aliyevunjika moyo hadharani. Hakuna aliyeungua. Kwa Baba hiyo ilikuwa heri kubwa: wanafunzi wote walikuwa wazima na wangeweza kuhudhuria.

"Ketini."

Wakaketi wawili: Ngurumo, na dada yake kifungua mimba, msichana wa miaka kumi na mbili aliyeitwa Wakili kwa sababu hakuwahi kupokea lawama bila kukata rufaa. Kitinda mimba, Bosi, wa miaka minne, alikuwa amesamehewa. Alikuwa nje, ndani ya gari la kufundishia, akiendesha kwa mdomo: "Vuuu! Piii! Kaeni vizuri nyie!" Baba alimruhusu kila siku. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Baba mwenyewe, na gari lisilo na ufunguo, alisema, ni kochi tu.

"Leo," alisema Baba, "tutazungumzia uzito na mwendo. Ngojeni nilete kifaa."

Akatoka uani, akarudi amekumbatia jiwe kubwa kama kichwa cha ndama, akalitua juu ya meza. Meza ikaguna.

"Jiwe hili limetulia. Lina madhara gani? Halina. Lakini likianza kwenda..."

Wakili hakusikia lililofuata. Alikuwa analitazama jiwe, na alichokiona hakikumpendeza. Ubavuni lilikuwa na alama nyeusi ya mpira. Hili halikuwa jiwe la hivihivi. Hili ndilo lililokaa mbele ya tairi, kwa sababu breki ya mkono ya gari ilikuwa imelegea tangu mwanafunzi mmoja mwenye misuli aliposhindana nayo, na kwa sababu ua wao uliteremka kuelekea getini. Geti lilikuwa wazi. Mbele ya geti ilipita barabara ya malori ya mchanga.

Alijipa moyo. Baba huliacha gari kwenye gia. Gia ni breki ya pili. Kisha akakumbuka kwamba mchezo anaoupenda Bosi kuliko yote ni kubadilisha gia.

Akanyoosha mkono.

"Maswali baadaye," alisema Baba.

"Baba, lile jiwe..."

"Breki!"

Katika nyumba hiyo neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Baba alilitoa kazini, akalileta mezani siku watoto walipozidi kelele, na tangu hapo likisemwa kila mtoto huziba mdomo kwa viganja. Bosi alilielewa kabla hajajua kuomba maji. Wakili akaziba mdomo. Juu ya vidole vyake macho yake yalikwenda dirishani, kwenye kibao chekundu kilichofungwa juu ya paa la gari, chenye herufi L. Kibao kilikuwa mbele ya shuka jeupe lililoanikwa kwenye kamba.

"Mwenye haraka," Baba aliendelea, akimkazia macho Ngurumo, "hujiona yeye ndiye anayeushika mwendo. Kumbe mwendo ndio unaomshika yeye."

Kibao kilikuwa mbele ya taulo.

Wakili alikodoa. Huenda ni upepo. Huenda ni kamba inayosogea. Nje Bosi alikuwa anaruka juu ya kiti, kichwa chake kikitokeza na kuzama, akiwaimbia abiria wake. Taulo likapita. Ikafuata suruali ya Baba.

Akasimama, viganja vikamtoka mdomoni vyenyewe.

"Baba, gari linakwenda!"

Uso wa Baba ulichanua. Miaka yote ya kufundisha ilikuwa imezaa matunda.

"Haswa! Mmemsikia dada yenu? Gari linakwenda! Na likishaanza kwenda, nani wa kulizuia?"

"Baba," alisema Ngurumo, aliyekuwa amegeuka kutazama, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Bosi yumo."

Walitoka mlangoni watatu kwa pamoja, wakakwama, wakachomoka. Gari lilikuwa linateremka bila haraka, kwa utulivu wa mzee anayekwenda kwa jirani, likiponda changarawe. Bosi alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na kucheka kwa furaha, maana leo kwa mara ya kwanza abiria walikuwa wanafika.

Baba alilifikia upande wa dereva, akavuta mlango. Umefungwa kwa ndani. Akavuta wa nyuma. Umefungwa. Bosi hakuwa dereva wa kuacha abiria waruke njiani.

"Breki!" Baba alipiga kelele, akigonga kioo. "Bosi! Breki! Breki!"

Bosi alikuwa mtoto mtiifu. Akaachia usukani na kuziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Gari likaanza kujitafutia njia lenyewe. Likapinda kidogo kuelekea ukutani na kuongeza mwendo. Baba akaendelea kuita neno lilelile, kwa nguvu zaidi, na kila alipoita Bosi alijiziba zaidi, macho yamemtoka, akijiuliza amesema nini kibaya.

Wakili hakupiga kelele. Alizunguka nyuma, akaingia kwenye mwanya kati ya gari na ukuta, mahali ambapo Baba asingepita hata angekunja kitambi. Kioo cha upande huo kilikuwa kimezama mlangoni kwa wiki nzima na kugoma kupanda. Akajirusha dirishani kichwa mbele. Ukuta ulimchubua mgongo. Ndala moja ikabaki nje. Akaangukia mahali anapokaa Baba akifundisha, miguu juu kama kuku wa kuchinjwa, na mikono yake ikapapasa sakafuni. Zulia. Chupa tupu ya maji. Zulia tena. Kwenye magari kama hili mwalimu naye ana breki yake, na alijua iko huku, lakini hakuwahi kuitafuta akiwa kichwa chini.

Honi ya lori ililia, ndefu na karibu.

Kiganja kikagusa chuma. Akaweka cha pili juu yake, akabana kwa uzito wote aliokuwa nao, ambao haukuwa mwingi. Gari lilinung'unika, likaserereka na kusimama. Pua yake ilikuwa nje ya geti. Lori likapita mbele yake likimwaga mchanga, na upepo wake ukalitikisa gari zima.

"Usiachie, mama," ilisema sauti ya Baba dirishani, chini, sauti ambayo Wakili hakuwahi kuisikia. "Usiachie. Ngurumo, tofali! Kimbia!"

Ngurumo akakimbia, na safari hii hakuna aliyemkataza. Tofali likaingia chini ya tairi.

"Bosi, baba, fungua mlango." Bosi akatikisa kichwa na kuonyesha mdomo wake kwa kidole. Baba akajipangusa uso kwa mikono. "Basi. Imetosha. Ongea."

"Nimefanya nini?" Bosi aliuliza, kisha akaangua kilio.

Mama, ambaye ni msusi, alikuwa ameshafika kutoka barazani kwa jirani, kitana kimekwama kwenye nywele zake mwenyewe. Alimchukua Bosi, akampapasa mbavu, akatazama chini ya gari.

"Nani katoa jiwe?"

Wakili, aliyekuwa ametoka na kuketi chini, hakukata rufaa yoyote.

"Mimi," alisema Baba. "Nilikuwa nafundisha. Na huyu aliniambia. Nilimnyamazisha." Akamgeukia Wakili. "Mara ngapi, mama?"

Maisha yake yote Wakili alikuwa amengoja kushinda kesi. Sasa alimtazama Baba, aliyekuwa bado ameshikilia mlango wa gari lililokwisha kusimama, akaamua kuifuta kesi.

"Sikumbuki."

"Unakumbuka."

"Mara mbili. Ya tatu ulinisifu."

Ngurumo alicheka peke yake, akaacha.

"Siku nyingine nikikukataza kusema na kuna hatari, usinitii," alisema Baba. "Nipigie kelele. Nirushie kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote." Alivuta pumzi ndefu, akainua kidole, na watoto wakajiweka sawa kwa mazoea. "Kwa hiyo, wanangu, jambo ambalo..."

"Baba nanihii," alisema Mama, "gari liko barabarani. Sukuma."

Baba akashusha kidole, akaweka bega kwenye boneti, akasukuma.