Mfuko wa Ijumaa

Jumapili asubuhi nguruwe wa Stamen walishindwa kusimama. Miguu ya mbele ilikuwa na nguvu bado, wakajikokota nayo mpaka kwenye kihori, ile ya nyuma ikiwafuata kama nguo iliyolowa. Walikuwa majike watatu, wote wana mimba.

Daktari wa mifugo hakuitwa. Miaka michache nyuma homa ya nguruwe ilipoingia kijijini, watu wa serikali walikuja na mavazi meupe, wakaua zizi lake zima hadi vitoto vinavyonyonya. Mzee alikaa mwaka mzima akiamka na kukosa pa kwenda. Hawa watatu ndio waliomrudishia asubuhi zake.

"Usimwambie mtu," alimwambia binti yake, Miglena. "Wale wa mavazi meupe wakija tena, safari hii wachimbe shimo la wanne, na mimi humo."

Miglena alikuwa amechuchumaa akishika masikio ya nguruwe. Hayakuwa na joto. Manyoya ya mgongoni yalianza kunyonyoka tangu wiki iliyopita, na sasa kwato zilikuwa zinaachia pale zinapokutana na ngozi. Homa haifanyi hivyo. Akageuka, akautazama mfuko wa unga ulioegemezwa mlangoni. Aliuleta yeye.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha virutubisho vya mifugo, nje kidogo ya mji wa Dobrich. Unga ule ulitiwa madini ya seleni, ambayo kidogo chake ni dawa na kingi chake ni sumu. Chembe za seleni zilipakwa rangi nyekundu ili zihesabike, na kazi ya Miglena ilikuwa kuzihesabu: anachota kijiko mashineni, anakitandaza kwenye karatasi iliyoloweshwa, anahesabu madoa. Yakiwa kama ishirini kila kijiko, unga umechanganyika.

Mashine ya zamani ilikuwa pipa la kilo mia mbili, likimwaga moja kwa moja mifukoni. Mabaki ya Ijumaa, ya kukung'uta kuta, wafanyakazi walipeana kwa zamu, na mifugo yao ilinenepa. Kisha ikaja mashine ya tani mbili, na chini yake tangi refu kama ghorofa mbili, lililochongoka kama faneli. Desturi ya mfuko wa Ijumaa ikabaki vilevile.

Miglena alikuwa ameona jambo. Unga ukidondoka kutoka juu kule, unafanya kilima. Ule laini unatulia katikati, chembe kubwa zinaviringika hadi kwenye kuta. Mlango ukifunguliwa, cha katikati hutoka kwanza. Cha kutani husubiri kugongwa kwa nyundo siku ya Ijumaa. Na chembe nyekundu ndizo kubwa kuliko zote. Alimwomba injinia wa kiwanda, Karastoyanov, ruhusa ya kupima mifukoni pia. Injinia alicheka, akamuuliza kama hayo waliyafundisha darasa la nne au la tano. Miglena hakuomba tena. Zamu yake ilipofika, akabeba mfuko kama wenzake, kwa sababu baba yake aliusubiri.

Sasa alichota kijiko, akakitandaza kwenye karatasi mezani, akakinyunyizia maji. Alipofika mia tatu, aliacha kuhesabu.

Jumatatu aliibeba ile karatasi kazini. Injinia hakuikataa. Aliitazama sana, halafu akachukua kijiko mwenyewe, akapima mashineni sehemu kumi. Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Akamwonyesha kwa upole, na upole huo ulimuumiza Miglena kuliko kicheko cha siku ile.

"Unaona, dada? Imechanganyika vizuri. Na huo mfuko unaousema kwenye vitabu haupo. Sikumpa mtu, hukupewa na mtu."

Miglena akauliza mifuko ya kuuza, ile inayojazwa mwisho mwisho, imekwenda wapi. Injinia akasema imekwenda kwa wenyewe.

Alipita kwa daktari wa mifugo wa mjini, akaeleza dalili bila kutaja jina. Kisha akarudi nyumbani.

Baba yake alikuwa amekaa kwenye majani makavu, kichwa cha jike mkubwa mapajani, akimnywesha maji kwa chupa. Miglena alimweleza yote akiwa amesimama. Hakujitetea. Aliposema aliona chembe zikikimbilia kutani tangu mashine ilipokuja, mkono wa mzee ulitulia.

"Uliona," alisema Stamen.

"Niliona, baba."

"Ukauleta."

Mzee akaifuta chupa kwa mkono wa shati.

"Watasimama lini?"

"Daktari anasema uti wa mgongo umeshaoza ndani. Hawasimami."

Stamen aliinamisha chupa tena, taratibu, kama hakusikia. Nguruwe alimeza. Miglena alisubiri amfukuze, amtukane, amrushie chochote kilicho karibu. Mzee alisogea tu kidogo, akamgeuzia mgongo, akaendelea kunywesha.