Fika, Ngoja, Fanya, Toka

Mangaribi, kengele ya Malaika wa Bwana ilipoisha kulia, Mama Léonie alikuwa akisonga unga wa bukari uani kwake mtaani Katuba, na binti yake Chancelvie anaandika kwenye kompyuta ya kampuni. Alikuwa akiandika mgodi. Lugha aliyotumia ni ya kuigiza mambo kabla hayajatokea, na mtu ndani yake hupewa maneno manne tu: fika, ngoja, fanya, toka. Mama Léonie hakuona kosa. Ndivyo alivyoishi marehemu mume wake, aliyefunikwa na ukuta wa mgodi huohuo kwenye mvua za mwaka juzi.

Chancelvie alipoandika toka, baba yake alitoka kwenye kioo cha kompyuta. Alikung'uta vumbi jekundu viatuni, akanawa mikono, akaketi.

"Bukari iko na mabonge," alisema.

"Na kule banakupikia nani, we Rigobert?" Mama Léonie akamwongezea mboga ya sombe.

Akawa anakuja kila mangaribi. Majirani walimsalimu. Siku moja alisema, huku anatafuna: "Ule ukuta utaanguka tena. Bantu bako chini. Émile iko katikati yabo."

Émile, kitinda mimba wao, alikuwa anapiga pasi suruali ya kazi. Zamu yake ya chini ilikuwa ianze Jumatatu. "Nikikataa, baba, bataita mwingine," alisema, akageuza mguu wa pili.

Chancelvie akamwita injinia wa mgodi, Bwana Sylvain. Alikuja, akampa marehemu mkono, "Jambo, papa," kisha akatazama kioo. Ukuta ulianguka. Vinukta vilivyokuwa watu vikazimika.

"Toa bantu," alisema.

"Bantu, chef?"

"Magari acha, ukuta acha. Rapport ya kampuni inaomba ukuta, haiombi bantu."

"Na mutoto wangu?" akauliza Mama Léonie.

"Mama, omba Mungu."

"Ninamuomba kila siku. Leo ninakuomba weye."

Bwana Sylvain alitazama simu yake. Chancelvie alimtazama mama yake, akamtazama injinia, akafuta mstari wa watu. Rigobert hakuwapo tena. Tonge lake likaanguka mezani. Kwenye kioo ukuta ulianguka, haukuua mtu. Injinia akaifunga kompyuta, akaondoka nayo.

Alhamisi ukuta ulianguka vilevile. Kwenye kilio cha Émile, Bwana Sylvain alileta gunia la unga, akaketi na wanaume kwa heshima.

Walipotawanyika, Mama Léonie alisonga bukari ya unga ule, safari hii bila mabonge, akaweka sahani mbili. Kengele ikalia, ikaisha. Bukari ikaota ngozi. Akazifunika sahani zote mbili, akaingia ndani kusali, kwa maana ule mstari ulikuwa haujarudishwa.