Donge Lilivyokataa Kupumzika

Jumamosi mchana, saa nane kasoro robo, Mwalimu Ambokile aliota kwamba donge la biskuti limefungua mlango wa friji kwa ndani, limetoka, na limekuja sebuleni kumlalamikia kuhusu kukoroma kwake.

Tuseme kwanza alikuwa nani. Mwalimu Ambokile alifundisha hisabati Tukuyu kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote hakukosea hata siku moja. Jibu lake la ubaoni likigongana na la kitabuni, aliwaambia wanafunzi wasahihishe kitabu. Akastaafu hivyo hivyo, akaihamishia tabia hiyo nyumbani.

Wiki mbili nyuma, Jumapili baada ya ibada, wazee wa kanisa walipita kwake kunywa chai. Mkewe Subilaga, ambaye mtaa mzima humwita Mama Lusajo, akaleta sahani ya biskuti za boga alizooka mwenyewe. Siku hiyo zilikuwa zimekauka. Mwalimu akachukua moja, akaigonga mezani mara tatu, ko, ko, ko, akasema, "Mama Lusajo, ongeza mia mbili hivi, tuezekee banda la kuku."

Wazee walicheka. Mmoja alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Subilaga hakucheka. Aliosha vikombe, akavifuta, akavipanga kabatini, na Jumatatu asubuhi akapanda gari kwenda Kyela kwa dada yake.

Wiki mbili kimya. Ijumaa akapiga simu. "Nakuja kesho saa kumi," alisema. "Nafuata nguo zangu zilizobaki." Akakata.

Mwalimu alibaki amesimama na simu sikioni muda mrefu, akisikiliza neno "zilizobaki".

Kuomba radhi hakukuweza kufikirika, kwa hiyo aliamua kuoka. Alilipata daftari la mapishi la mkewe juu ya kabati, ukurasa ulioandikwa "Biskuti za boga, laini, za kutafunika", akaufuata kama katiba. Uliposema siagi iwe na joto la chumba, aliipeleka chumbani akailaza kitandani. Uliposema boga likamuliwe maji yote, alilifunga kwenye kitambaa, akakanyaga ncha moja na kulikamua kwa mikono miwili. Uliposema kiini cha yai tu, ute uwekwe pembeni, aliuweka pembeni kabisa, sakafuni, kwenye kona ya jiko. Uliposema usikoroge sana maana zitakuwa ngumu, alikoroga mara ishirini akahesabu kwa sauti. Mwisho ulisema: donge lipumzike kwenye friji saa moja. Akalifungia humo, akajinyoosha kwenye kochi.

Ndipo donge likatoka.

Donge amesimama mbele ya kochi, rangi ya machungwa, anatoka jasho la baridi.

"Mwalimu," anasema Donge, "nimeandikiwa saa moja ya kupumzika. Zimepita dakika kumi na moja na sijapata hata lepe la usingizi."

"Friji ina tatizo gani?"

"Friji haina tatizo. Wewe ndiye unakoroma. Sogea."

Mwalimu anasogea. Donge anajilaza kwenye kochi, anajifunika kitambaa cha meza, anafumba macho ambayo hana.

"Sasa kwenye friji atakaa nani?" anauliza Mwalimu.

"Imeandikwa saa moja. Nenda ukamalizie zilizobaki."

Mwalimu ni mtu wa kufuata maandishi. Anafungua friji, anaingia, anafunga mlango nyuma yake.

Ndani ya friji ni darasani. Ubao ni ule ule wenye ufa. Mdalasini amekaa mbele, mrefu, daftari lake safi. Huyo ni kiranja. Tangawizi yuko nyuma kabisa, miguu juu ya dawati. Karafuu wamebanana wanne kwenye dawati moja na hawasemeshani. Kungumanga anaingia amechelewa.

"Kwa nini umechelewa?"

"Mimi ni robo kijiko, Mwalimu. Nahudhuria robo siku."

Hesabu ni sahihi. Mwalimu anamruhusu aketi.

Kwenye kiti cha mwalimu ameketi Boga. Amekonda, na akiongea sauti inakwaruza.

"Wewe ndiye uliyenikamua," anasema Boga.

"Iliandikwa maji yote."

"Yangu yaliisha mapema. Ulipoendelea, yale ya mwisho yalikuwa ya kitambaa."

Tangawizi anacheka. Mwalimu anamwamuru atoke nje mara moja.

"Nje kuna Donge amelala," anasema Tangawizi. "Nikimpitia juu atakorogeka mara ya ishirini na moja. Unataka hivyo?"

Mwalimu hataki hivyo. Tangawizi anabaki, miguu juu.

Siagi ananyoosha mkono. Ameyeyuka upande mmoja.

"Mimi uliniambia nikapate joto la chumba," anasema. "Nimelala pale tangu asubuhi, upande wa Mama. Mwalimu, pale hakuna joto. Nikahamia upande wako, na kwako vilevile. Mwishowe nikajiburura mpaka dirishani kwenye jua."

Tangawizi anashusha miguu taratibu.

"Kuna mwingine?" anauliza Mwalimu, akitazama ubaoni.

Ute anaingia kwa kupita chini ya mlango. Amejaa vumbi la kona ya jiko.

"Namtafuta mwenzangu," anasema. "Kiini. Tuliishi ganda moja."

"Kwa muda gani?"

"Siku nne."

"Siku nne si muda."

"Kwa yai ni maisha yote."

Mwalimu anachukua chaki kumsahihisha, anairudisha chini ya ubao. "Yuko ndani ya Donge," anasema hatimaye. "Siwezi kumtoa."

"Najua," anasema Ute. "Nilitaka tu kuambiwa na mtu mzima, ana kwa ana." Anarudi alikotoka, chini ya mlango.

Darasani kumekuwa na joto. Madawati yamekuwa trei na friji imekuwa oveni, na hakuna anayeona ajabu. Mwalimu amelazwa kwenye trei, vidole vitatu kutoka kwa jirani yake. Jirani yake ni ile biskuti ya wiki mbili zilizopita. Ana jeraha ubavuni, pale alipogongwa mezani.

Mkaguzi anaingia. Ni mrefu, mwembamba, wa mti.

"Mimi ni Mwiko," anasema. "Ninachokataza, msiniulize sababu. Jina linatosha."

Anapita akibonyeza vifua. Anafika kwa Mwalimu, anabonyeza, kifua hakibonyei. Anamgonga: ko, ko, ko.

"Mkipata mia mbili kama huyu," Mwiko anawaambia wengine, "ezekeeni banda la kuku."

Oveni nzima inaangua kicheko. Karafuu mmoja anacheka mpaka moshi unamtoka puani. Mwalimu anahisi joto linampanda shingoni, na si joto la oveni. Hajui aangalie wapi. Ghafla anatamani apewe vikombe vichafu, vingi, avioshe akiwa amewapa mgongo.

"Hakuna namna ya kumlainisha?" anauliza Mdalasini.

"Ipo," anasema Mwiko. "Aseme lile neno."

Mwalimu analijua neno. Anakohoa. "Sama," anaanza. "Samaki."

Mwiko anatikisa kichwa.

"Samadi," anasema Mwalimu.

"Bado."

"Samani. Samani za mbao."

"Mwacheni," anasema Tangawizi, "anamaliza kamusi."

Mwalimu anamgeukia Biskuti mwenye jeraha. Anavuta pumzi. "Samahani," anasema. Neno linatoka dogo, limejikunja, kama noti iliyosahaulika kwenye mfuko wa suruali ikafuliwa.

Biskuti anamtazama. "Mimi ni biskuti," anasema. "Na siku ile nilikuwa mgumu kweli. Kamwambie aliyenioka."

Mwiko anambonyeza Mwalimu mara ya pili. Safari hii kifua kinabonyea kidogo.

"Katikati bado mbichi," anasema Mwiko. "Mtoeni."

"Mbichi hivi hivi?" anauliza Mwalimu.

"Ndivyo inavyotakiwa. Utaiva ukiwa nje. Ukisubiri uivie humu, utatoka kigae. Apozwe. Wavu wa kupozea uko wapi?"

"Mama aliondoka nao," anasema Mdalasini, ambaye hukumbuka kila kitu.

"Basi tuufuate huko aliko."

Mara wako Kyela, jikoni kwa shemeji. Mwalimu hajawahi kuingia humo, lakini anapajua. Wavu umeegemezwa dirishani, umeoshwa, unameta. Wanaulaza mezani, wanamlaza juu yake chali, na sweta yake ya kijani. Waya zinamchoma mgongoni. Kupitia mlangoni anamwona Subilaga amekaa kwenye mkeka ukumbini, anakunja kanga. Anaikunja, anaiangalia, anaikunjua, anaanza upya.

Mwalimu anataka kumwita.

"Kaa kimya," anasema Mwiko. "Ukiguswa ungali moto, utavunjika."

Mwalimu anajiinua hata hivyo. Kitu kinamvuta mgongoni, kinakatika.

Akaamka. Mtu alikuwa anapiga hodi.

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Subilaga aliingia na kikapu, akakiweka chini, akapita moja kwa moja hadi jikoni. Aliona unga ukutani. Aliona sufuria nne zimetumika kwa kazi ya sufuria moja. Aliona bakuli la ute kwenye kona.

"Jikoni kwangu kumepita nini?"

"Nimepita mimi," alisema Mwalimu.

"Umeoka?"

"Bado. Donge limepumzika." Alisimama mlangoni akishika fremu kwa mikono yote miwili. "Mama Lusajo, samahani. Kwa ile ya banda la kuku. Mbele ya watu."

"Sema tena," alisema Subilaga. "Pikipiki imepita."

Hakuna pikipiki iliyopita. Mwalimu akasema tena, kwa sauti ya kufundishia darasa la watoto sitini. Kutoka ng'ambo ya ua, jirani akaitikia, "Amina!"

Subilaga aliuma mdomo ili asicheke, na hakufaulu vizuri. Akanawa mikono. Akalitoa donge kwenye friji, akalibonyeza.

"Boga umelikamua kupita kiasi."

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

Mwalimu akajishughulisha na kuwasha oveni.

Walifinyanga pamoja, yeye madonge makubwa mno, mkewe akiyapunguza bila kusema. Habari ya nguo zilizobaki hakuna aliyeigusa. Wakaziingiza ovenini, na dakika kumi zilipopita, Mwalimu akasema, "Zitoe."

"Katikati bado mbichi, Baba Lusajo."

"Ndivyo inavyotakiwa. Zitaivia nje."

Subilaga alimtazama kama mtu anayemwona mgeni kwenye nguo za mumewe. Akazitoa. Kisha akaenda kwenye kikapu chake, akauchomoa wavu wa kupozea uliofungwa ndani ya kanga, akaufungua. Akasita.

"Huu nimeuosha leo asubuhi," alisema. "Nikaukausha dirishani mwenyewe."

Kwenye kona ya wavu, pale waya mbili zinapokutana, ulikuwa umenasa uzi wa sufu wa kijani, mrefu kama kidole. Akaunasua. Akamgeuza mumewe kwa bega, akaiangalia sweta mgongoni, akakuta tundu dogo lililofumuka. Akaupima uzi pale. Ukatosha.

"Baba Lusajo," alisema polepole, "ulifika Kyela?"

"Sikukaa," alisema Mwalimu Ambokile. "Nilipitishwa tu nipoe."