Suruali ya Mufindi

Sisi watu wa Tanga baridi tunaijua kwa kusimuliwa. Mvua ikinyesha siku nzima tunajifunika shuka mbili, tunalalamika, basi, tunadhani tumeyaona yote. Ndiyo maana Shadya, mwalimu wa shule ya msingi, alipochaguliwa kwenda kucheza gofu Mufindi mwezi wa saba, wazo lake la kwanza lilikuwa kubeba sweta.

"Sweta?" Queen alicheka mpaka akashika ukuta. Queen ni mwalimu mwenzake, ndiye aliyemtia kwenye mchezo wenyewe. Baba yake alitoka Njombe kuja kukata mkonge, na Queen akipata likizo huenda kuwasalimia bibi zake huko juu. "Shoga, kule asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu. Miguu ikishaganda, hata uwe bingwa hupigi kitu. Unataka suruali ya maana."

Suruali! Sasa hapo ndipo kazi ilipokuwa. Shadya hajapata kuvaa suruali akatoka nje. Hapa Tanga anacheza na sketi yake ndefu, na watu wamezoea. Na mama yake, Bi Zuleha, fundi cherehani, mzaliwa wa Pangani asiye na maneno mengi, suruali kwake ni vazi la wanaume, hakuna mjadala. Alipoambiwa habari ya Mufindi hakugomba. Alisema tu, "Wewe mtu mzima, fanya upendavyo," akarudi kwenye cherehani yake.

Heri angegomba! Mtoto aliyelelewa anajua kwamba "fanya upendavyo" si radhi. Shadya alikuwa tayari kwenda Mufindi bila suruali, bila sweta, hata kwa fimbo za kuazima, lakini kuondoka bila radhi za mama hakuweza. Na kuacha kwenda nako hakutaka; ndiyo mara yake ya kwanza kuitwa mashindano ya mbali. Akabaki njia panda, wasiwasi umemjaa.

Queen hakumngoja aamue. Alimburuta mpaka kwa Godlisten, muuza mitumba, wakaanza kuchambua. Jinzi nzito ikawekwa kando, maana ikilowa umande, alisema Queen, ni sawasawa na kuvaa ndoo ya maji. Ikaja suruali ya nailoni, nene kama godoro, Shadya akaipenda. Godlisten naye akaimwagia sifa, si anauza. "Ivae utembee," Queen akasema. Shadya akaipachika chini ya sketi, akatembea: chwa, chwa, chwa.

"Vua! Mwenzio ametulia anataka kupiga mpira, wewe unamchakarishia masikioni?"

Mwisho ikaibuka nyeusi moja, nje kitambaa cha kuzuia upepo, kinachovutika magotini, na ndani imeshonewa kitambaa kingine laini kama blanketi la mtoto mchanga. Shadya akauzungusha mkanda wa suruali shingoni, kama tunavyopima sote sokoni, ncha zikakutana. Akaivaa, akachuchumaa, akainama, akajipinda huku na huku. Ilimbana kidogo tu nyongani. Akainunua, akaipeleka nyumbani wazi wazi, akaitundika mlangoni mwa chumba chake. Bi Zuleha alikuwa akipita hapo kama haioni.

Siku ya safari, sala ya alfajiri imekwisha, honi ya gari la Queen ikalia nje. Shadya anafunga begi, mama yake akaingia na suruali mikononi, imepigwa pasi vizuri.

"Jana ulipokuwa shule niliitazama," alisema, macho ameyainamisha. "Nyongani nimeilegeza, ilikuwa itakubana. Na shati hili nimekushonea refu, likufike magotini. Halafu lile blanketi la ndani nimelifumua lote. Sijui nani alishona upuuzi ule. Ungeiva kwa joto, mwanangu."

Shadya akaipokea. Ilikuwa nyepesi mno. Lakini mama ameigusa! Mama ameitilia sindano! Machozi yakamlenga, furaha na msiba kwa pamoja, na akakata shauri papo hapo: ataganda, na iwe, lakini neno hatasema.

"Ahsante, mama."

Hakujua kwamba Queen yuko mlangoni. "Shikamoo, mama. Haa! Blanketi liko wapi? Mama, lile ndilo joto lenyewe! Tumelitafuta soko zima!"

Jamani, mama wa watu alinywea. Akaitazama suruali, akamtazama binti yake. "Na wewe ulikuwa unakwenda hivi hivi? Ukagande huko, usiniambie?"

"Nimeona unanipa radhi, mama. Nikaogopa kuziharibu."

"Mjinga we!" Sauti ya Bi Zuleha ilikatika. "Radhi nimekupa, na zitabaki. Sasa ndiyo nikuache ukafe na baridi kwa ajili yake?"

Akaenda chumbani kwake. Lile blanketi alikuwa amelikunja awe anafutia mafuta ya cherehani, nashukuru alikuwa hajaanza. Akalichukua, akachukua sindano na uzi, akavaa baibui, akaenda kuketi kiti cha nyuma cha gari.

"Mama, unakwenda wapi?" Shadya akauliza.

"Mpaka nitakapomaliza. Endesha, Queen, mwanangu."

Akashona kwa mkono, Pongwe ikapita, Muheza ikapita. Kwenye matuta sindano ilimchoma, akamkemea Queen kwamba amebeba watu, hakubeba machungwa. Wakacheka wote watatu. Wasiwasi wa Shadya ukayeyuka njiani, hata hakujua ulimtoka wapi. Walipofika Segera, Bi Zuleha akakata uzi kwa meno.

"Kaivae nione."

Shadya akaivalia chooni, kwenye kituo cha mafuta, akatoka mbele ya madereva wa malori na wauza chai. Mama akamzungusha, akalivuta shati chini, akapapasa mishono.

"Haya, piga huo mpira."

"Hapa, mama? Na watu wote hawa?"

"Nitajuaje kama mishono imeshika? Tena miaka yote hii gofu, gofu, sijakuona hata mara moja."

Queen akatoa fimbo kwenye buti. Shadya akatanua miguu, akavuta pumzi, akajipinda, akaizungusha fimbo hewani mpaka ikamfika begani. Mishono ilishika. Mama yake alikuwa amesimama, kiganja mdomoni, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Basi la kumrudisha mama Tanga lilikuwa limeshaingia, konda anaita abiria kwa kelele. Bi Zuleha hakugeuka.

"Rudia," alisema.